Kabari ya Saba

Jumapili, 5 Agosti 1956

Leo tumesoma arubaini ya mume wangu, Baba Darwesh. Watu wamekula, wamekwenda zao. Bi Mwatum wa nyumba ya pili kabaki kukosha sahani, na kunipa nasaha ambazo sikumwomba. Eti kizuka, mke aliyefiwa, hukaa chumbani, hashuki kwenye karakana ya marehemu mumewe. Nikamwambia karakana imo ndani ya nyumba yangu, na eda yangu naijua.

Gitaa lake la mwisho halijesha. Ubavu wa kushoto, ile mbao ya upande, aliutia kwenye kalibu ya kuutia umbo asubuhi ile ile ya kufa kwake. Umo mpaka leo, na kabari zake saba za kuubana. Wa kulia haujakunjwa hata.

Mji mzima husema magitaa ya Mabrouk, kwa jina la mume wangu. Mbao nikikunja mimi, miaka thelathini. Yeye akigonga kabari.

Jumanne, 7 Agosti

Mwanangu Darwesh kaja kutoka Kizimbani. Shikamoo hajaimaliza, kashaanza: Jumamosi analeta gari, achukue kalibu na vyombo vyote, ampe fundi wa Ng'ambo. Nikamwambia gitaa la babako halijesha.

"Mama, nani atalimaliza?"

Mimi.

Kacheka. Mjinga. Kala kwa kazi ya mikono hii hii.

Nimeshuka kuutazama ule ubavu. Mbao ya mfenesi hukauka siku tatu, nne kwa masika. Huu una siku arubaini na mbili. Nimeugusa — majimaji. Na una moto. Moto wa mbao iliyotoka sasa hivi kwenye bomba la moto tunalokunjia.

Nikamwita Darwesh aushike. Kaushika, kasema ni unyevu wa nyumba za mawe.

Unyevu una moto?

Kaondoka bila ya kunywa chai.

Jumatano, 8 Agosti

Bado moto.

Alhamisi, 9 Agosti

Bi Mwatum kauliza nani anagongagonga kwetu baada ya adhuhuri. Nikamwambia akatie mafuta masikioni. Lakini saa ile nilikuwa nimelala, na nyumbani hamna mtu ila mimi.

Nikashuka. Nyundo ipo ukutani, kwenye msumari wake. Kabari za ubavu wa kushoto zimekazwa. Vichwa vyake vina alama mpya, nyeupe.

Sikuogopa. Nimekereka. Mtu mzima, hajui kuwa watu wanapumzika?

Ijumaa, 10 Agosti

Mbao ya kulia nimeiroweka. Hiyo moja tu, nyengine sina. Kesho asubuhi naikunja, kabla Darwesh hajaja na gari lake.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimewasha mkaa kwenye seredani, nimepasha bomba. Mbao imekunjika kama ukili wa mkeka, haikupasuka hata pahala pamoja. Mikono haijasahau.

Shida ni kuitia kwenye kalibu. Hiyo kazi ya watu wawili: mmoja abane kwa mikono yote miwili, mwengine agonge. Ukiiachia kabla haijapoa, inakunjuka. Nikabana. Nikasubiri. Mikono ikachoka, nikasema kwa mazoea tu: gonga basi.

Kabari ya kwanza ikaingia.

Sikugeuka. Nikasema taratibu, utaipasua, papara zako zile zile. Ya pili ikaingia taratibu.

Zimeshaingia sita. Sita zitaishika kidogo, si sana, ndio nimekaa kitako kuandika. Imebaki ya kiuno cha gitaa. Bila ya hiyo kiuno kitakunjuka na gitaa ndio basi.

Nimeugusa ubavu wa kushoto sasa hivi. Umepoa. Mkavu, baridi kama sakafu. Hana tena kazi nao. Imembakia ya huku kulia tu.

Darwesh anabisha mlango wa mbele, anaita Mama, Mama, gari linangoja. Nimemjibu asubiri. Kauliza nnazungumza na nani.

Kabari ya saba nimeikalia; akiigonga hii, na huku atakuwa hana tena kazi. Kule kwenye kalibu kunapapaswa, pole pole, kama mtu anayetafuta kitu juu ya meza.