Mama, Nimelia

Kasungami, Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Jambo nyingi sana kutoka kwetu hadi huko Pweto. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Na Baba, bado anagombana na redio yake? Sisi tuko wazima, Mungu anatutunza. Mume wangu Précieux anakusalimu. Samaki uliompa dereva Clovis atuletee walifika wakavu, wazuri, wakaisha sokoni kabla ya mchana.

Sasa kaa chini, Mama, maana habari hii siwezi kuibeba peke yangu: nimelia! Nimelia Alhamisi nzima, machozi na kamasi, nikarudi nyumbani nikasonga bukari nikala sahani mbili, nikalala mpaka Précieux akaniwekea mkono puani kuona kama ninapumua. Cheka tu. Unajua tangu mtoto wangu azaliwe bila pumzi mwaka jana, usingizi ulinikimbia, na mtoto wa mdogo wangu Princesse nilikuwa siwezi hata kumpakata.

Nilianza kwa kutafuta daktari wa mawazo, yule wanayemwita psikologu. Wa mjini alikuwa na viti vizuri na bei ya kutisha; kikao kimoja kingemeza mauzo yangu yote ya mwezi. Nikamwambia nitarudi, na sote wawili tulijua kwamba sirudi. Ndipo muuguzi wa kituo chetu cha afya akanieleza kwamba kuna mwingine, Deborah, anayekutana na wanawake kwa kikundi kila Alhamisi katika ukumbi wa parokia. Wanagawana malipo, kila mmoja anatoa bei ya kopo moja la unga, meka moja tu, na asiye nayo wiki ile anapanga viti.

Mimi nilidhani ni kikundi cha maombi! Nikakaa bila kula tangu jana yake, nikaenda na Biblia kwapani, nikangojea mtu aanzishe wimbo. Tumbo langu ndilo lililoanzisha. Wenzangu wakacheka, Deborah akanimiminia karanga kiganjani, akasema hapa bantu banakula kwanza. Kisha akaniuliza mtoto wangu aliitwa nani.

Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe mwenyewe pale hospitalini uliniziba mdomo, ukasema aliyezaliwa amekufa haliliwi, kizazi kitafunga. Nikakutii. Lakini jina nilikuwa nalo, nilimpa akiwa bado tumboni, hata Précieux sikumwambia: Abigaël. Nilipolitaja, mwanamke wa pembeni yangu akasema tu, "Karibu, Mama Abigaël." Hapo ndipo nikapasuka.

Nisikufiche, nilikukasirikia sana. Nilimweleza shangazi Adolphine hasira hiyo, naye akaniambia kwamba kabla yangu ulizaa mwingine, naye hakulia, na mama yako alikuziba mdomo vilevile. Hasira ikaniisha palepale, ikabaki hamu ya kukuona.

Njoo, Mama. Nafasi ipo, na unga wako nitautoa mimi. Watu wote wanakuita Mama Syntiche, na mimi nimejivunia hilo tangu utotoni. Kumbe nilikalia mahali pa mkubwa wangu. Nitajie jina lake, nikuite nalo.

Wasalimie Baba na majirani wote, na Mungu akulindie magoti hayo mpaka ufike.

Mimi mwanao wa pili,
Syntiche
(Mama Abigaël)