Usimpite Njambi

Muthangari, Nairobi
Julai 1971

Kwako Baba Naliaka,

Pokea salamu zetu huko Bungoma. Sisi tu wazima. Baridi ya huku imezidi, ile blanketi yako nimempa mtoto.

Leo mwalimu aliniita shuleni. Naliaka wetu, ambaye tangu tuje hapa Januari ni nambari mbili nyuma ya Njambi, mtoto wa tajiri ninayemfanyia kazi, amekuwa wa mwisho darasani. Nilikaa kwenye benchi.

Nilipomuuliza alisema, “Baba aliniambia nisimpite Njambi, kwa sababu baba yake ndiye anatulipia shule. Kwenye mtihani nilimwona analia, hajaandika kitu. Na mimi nikafuta yangu yote.”

Ulimwambia Krismasi, ukicheka. Nilidhani ni mzaha. Kumbe hata zile nambari mbili alikuwa anajizuia.

Mtihani wa darasa la saba ni Novemba. Nimemwambia aandike yote anayoyajua, ampite yeyote. Ameniuliza kama wewe umekubali.

Nimemwambia jibu litatoka kwako. Mwandikie wewe.

Ni mimi mkeo,
Nanyama