Mume wa Robi Kwenye Kompyuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Nyangoto, Wilaya ya Tarime
Jina: Stanslaus Kisyeri
Umri: Miaka 27
Kabila: Mkurya
Kazi: Fundi kompyuta
Makazi: Nyamwaga

Nimeonywa kusema kweli, nami nasema kweli ingawa inaniumbua.

Mnamo tarehe 7 Machi 2022, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye stoo ya Mzee Bushiri hapa Nyangoto. Yeye hupokea vifurushi kutoka Mwanza na kuvigawa kwa wenyewe. Tangu rashi ya dhahabu ianze, watu wakamiminika machimboni, mizigo ilimzidi, akaniita nimwekee programu ya stoo. Mzigo ukifika, programu inatuma namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa. Anayeitaja ndiye anayekabidhiwa.

Wakaingia wanawake wawili, Robi, bado kijana, na Bibi Mokami. Walikuwa wameagiza mota ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Bibi aliuza ng'ombe kwa ajili yake. Robi hana simu, nikamwomba namba ya mumewe. Akamshika Bibi Mokami mkono, akasema, "Mume wangu ndiye huyu." Bibi akatoa kisimu chake.

Afande, wewe si mwenyeji. Kwetu mama asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Ni ndoa kama ndoa nyingine.

Mzee Bushiri ni mtu wa Pwani. Alitabasamu tu, akaniuliza, "Na kwenu pia mko hivyo, fundi?"

Niliona aibu. Nilimjibu hayo ni mambo ya kizamani, huyu bibi ni mkwe tu. Kwenye nafasi ya mume nikaandika Magige, mwanaume aliyezaa na Robi, na namba yake, maana tunafahamiana. Bibi hajui kusoma. Nikamwambia tayari, naye akanishukuru.

Mnamo tarehe 12 Machi, saa tisa alasiri, Magige alikuja na namba ya siri, akaichukua mota. Nilikuwepo, nikanyamaza nikidhani anaipeleka nyumbani. Kumbe aliivusha mpaka wa Kenya pale Sirari. Wenzake Bibi wanasaga, yeye mawe yake yamelala uani.

Alipokuja kuulizia nilimweleza nilichofanya. Hakugomba. Aliniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtajia Kisyeri. Akasema, "Simjui," akaondoka.

Mkataa kwao ni mtumwa. Kisyeri alizaa na mama yangu, basi. Hata daftari hajawahi kuninunulia. Aliyemtolea mama ng'ombe, akanilea na kunisomesha kompyuta, ni mwanamke, Waisiko. Naomba jina langu pale juu lirekebishwe.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Stanslaus Waisiko

Mimi Koplo Hezekia nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Jina lake limerekebishwa kwenye sahihi kwa ombi lake. Nilipomuuliza kama Waisiko ni jina la babu, alijibu kwa sauti, wote pale kaunta wakisikia: "Ni baba yangu."