Mlio wa Tatu

Kicukiro, Kigali
Jumapili, tarehe 6 Julai, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti linasemaje? Oswald ameniambia umeacha kulikanda kwa maji ya moto, eti kwaya haikupi nafasi. Kwaya ina watu thelathini na wewe una magoti mawili tu, kwa hiyo tafadhali rudia maji ya moto. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na kinachonisumbua ni vumbi la kiangazi peke yake. Majirani wote hapo Ngara nawasalimu, hasa Mama Winifred. Mwambie kitenge chake nimekipata na rangi ni ileile aliyoitaka.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu, kila nikianza jambo zito wewe unakimbilia kuniuliza nimekula nini. Basi nimeamua kuandika. Barua anakuletea Oswald, naye hajaisoma, bahasha nimeibandika kwa gundi mwenyewe. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamjibu mtu yeyote.

Jambo lenyewe unalijua. Filamu yetu itaonyeshwa hapa Kicukiro Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, na ulikuwa umeshakubali kuja. Kisha Oswald akakutumia tangazo, ukaona sura iliyo katikati, ukamtambua Shangazi Mukagasana, dada yake marehemu Baba. Ukasema huwezi kukaa chini ya paa moja na mtu yule, na kwamba unashangaa mwanao kupanga chumba kwa mwanamke aliyetaka kumuua mdogo wake Oswald. Miaka ishirini sasa hujalitamka jina lake. Mimi nataka uje, Mama, tena nataka ukae kiti cha jirani yake. Ili uelewe kwa nini, lazima kwanza nikueleze kazi yangu, maana sababu imo humo.

Kanisani unawaambia watu kwamba binti yako anafanya kazi ya kompyuta. Si uongo, ila kompyuta ni jembe tu. Ninachokilima ni hofu. Mimi ndiye ninayeunganisha picha na sauti mpaka mtu aliyelipa kwa hiari yake aanze kujuta. Na ninaiweza, Mama. Ningejifanya mnyenyekevu, lakini wewe umenizaa, hutadanganyika.

Mwongozaji wetu anaitwa Rwema, amekulia Kampala, mtu mwema sana isipokuwa akipenda kitu anakimwaga chote sufuriani. Filamu ina tukio moja ambalo likifeli, yote imefeli: mwanamke yuko peke yake jikoni na kuna kitu ndani ya nyumba. Rwema alilipiga picha hilo gizani, akaweka moshi, vinanda vinavyolia kama paka, na mtu mwenye kinyago akitokea nyuma ya mlango. Aliponionyesha nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka tu. Alininunia siku mbili, ya tatu akaniuliza mimi iko na nini bora. Nikamwambia tulipige upya saa nane mchana, jua likiwa limejaa dirishani. Akashika kichwa. Akasema jua iko nyingi, watu wataogopa nini?

Nikamweleza kwamba mtu akiona giza kwenye filamu anajikunja mapema, anashika mkono wa mwenzake, anajiandaa. Mchana hajiandai. Mchana anawaza maharage yaliyo jikoni tu.

Mwigizaji tuliyekuwa naye alikuwa msichana mzuri, lakini hawezi kutulia, kila sekunde tatu anagusa nywele. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapanga kwa Shangazi, nikimwona kila mchana anavyochambua maharage, mgongo umenyooka, macho kwenye ungo, utadhani ameumbwa hapo. Nikamwombea nafasi. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba maharage yawe ya kweli na tukimaliza yapikwe yaliwe. Tuliyala siku nne.

Sasa sikiliza tulivyofanya. Tuliweka kamera chini, usawa wa kigoda chake, ili nyuma yake uonekane mlango wa stoo ulioachwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Yeye hauoni, wewe unauona. Hapo tayari mtazamaji ana siri ambayo hawezi kumwambia mhusika, na hiyo peke yake inamkosesha raha. Kisha tukakataa kukata. Filamu nyingi hukata picha kila baada ya muda mfupi, na kila ukikata, mtu anapumua. Mimi niliiacha dakika nne nzima bila kukata. Kamera ilikuwa juu ya ubao wenye magurudumu, inasogea polepole, shibiri moja kwa dakika, huoni ikisogea ila unahisi chumba kinapungua.

Halafu sauti, ambayo ndiyo nyumba yangu. Mwanzoni unasikia kila kitu: redio ya jirani, kuku, pikipiki barabarani, maharage yakidondoka kwenye bakuli. Ninaondoa kimoja kimoja. Redio inakwenda, hujui lini. Kuku wanakwenda. Mwisho yanabaki maharage tu, nawe umeinama mbele kwenye kiti bila kujua ni nani aliyekuinamisha. Ndipo inasikika, kutoka stoo, milio miwili mikavu. Ko. Ko. Mikono ya Shangazi inasimama. Na kwa muda hakuna kinachofuata. Mlio wa kwanza ni bahati mbaya, wa pili unakufanya usubiri wa tatu, na huko kuusubiri ndiko kunakoua. Sikuweka muziki hata chembe. Muziki humwambia mtu aogope lini, naye akishaambiwa amepona.

Mwezi uliopita tuliijaribu kwenye ukumbi mdogo wa video kule Rwezamenyo, bila tangazo. Watu wa pale wamezoea agasobanuye, zile filamu ambazo mtu anazungumza juu yake mwanzo mpaka mwisho kuwafafanulia. Kufika kwenye kile kimya, muuza viatu mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alishindwa kuvumilia. Akasimama akaanza kutufafanulia mwenyewe kwa sauti, kwamba msiogope, huyu mama anachambua tu maharage, iko sawa, iko sawa kabisa. Ulipokuja mlio wa tatu alikaa juu ya mtu mwingine. Watu walicheka mpaka machozi, lakini wakati wa kutoka hakuna aliyekubali kutangulia kupita kwenye ule mlango. Rwema alinikumbatia pale pale. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Njiani akaniuliza mambo haya niliyasomea wapi. Nikamwambia kwenye ile kozi ya miezi sita. Nilimdanganya. Mama, kama umesimama, kaa chini. Niliyasomea jikoni kwako, nikiwa na miaka tisa.

Ile milio ya stoo ya nyumbani ilikuwa yangu.

Unakumbuka Shangazi alikuja kukusaidia Oswald alipozaliwa. Kila nikitoka shule alinikalisha kuchambua maharage, na nje nawasikia wenzangu wanacheza rede. Nilifunga gunzi la mahindi kwenye uzi, nikalining'iniza ndani ya debe tupu stoo, uzi nikaupitisha chini ya mlango mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wangu, nikaufunika kwa gauni. Nikikunja kidole, ko. Nikikunja tena, ko. Kisha nangoja. Siku ya kwanza ulikuja mbio, ukanitoa jikoni, ukanikalisha ubavuni mwako ukanikumbatia. Tangu Oswald azaliwe ulikuwa hujanikalisha hivyo. Kesho yake nikakunja kidole tena.

Sikukusudia kumfukuza mtu, naapa. Lakini Oswald akashikwa na homa, na majirani wakaanza kuunganisha: milio inasikika Shangazi akiwa jikoni tu, Shangazi ametoka ng'ambo na mzigo ambao haujafunguliwa mbele ya watu. Ukamwambia Baba achague. Nilikuwa nyuma ya mlango, uzi uko mfukoni mwangu, nikasikia kila neno na nikanyamaza. Aliondoka na begi moja. Homa ilikuwa malaria, Oswald alipata dawa akapona, lakini watu wakasema amepona kwa sababu yule ameondoka. Na mimi nikawaacha waseme. Nikawa mkubwa, nikawa hodari, nikaendelea kunyamaza. Ninaona aibu kuandika haya kuliko nilivyowahi kuona aibu ya kitu chochote.

Mwezi wa tano tulikuwa studio kwa Rwema, Muhima, tunarekodi upya sauti ya maharage. Shangazi amekaa na ungo wake mbele ya maikrofoni. Milio ambayo Rwema alinunua mtandaoni yote ilikuwa ya uongo, kwa hiyo nikatafuta debe, nikatafuta gunzi, nikajiambia ni kazi tu, yeye hawezi kujua. Nikavuta uzi. Ko. Ko. Nikangoja, nikavuta wa tatu. Shangazi hakuinua macho. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia chumvi imezidi kidogo: “Zamani ulikuwa ukingoja zaidi, mwana wanjye.”

Nilimwomba Rwema atoke. Nikapiga magoti nikalia, na yeye akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Aliniambia aliuona uzi siku ya pili. Ulikuwa wa bluu, wake mwenyewe, nimeuchukua kwenye kikapu chake cha kufumia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema watu walikuwa wameshaanza kumtafuta mchawi, na wakishaanza hawarudi mikono mitupu. Angewaonyesha uzi, wasingesema mtoto anacheza, wangesema mtoto amerithishwa. Yeye alikuwa na nauli ya basi. Mimi, akauliza, ningekwenda wapi na miaka tisa?

Baba alipofariki alisafiri mpaka Rusumo. Alikaa upande huu wa daraja la mpakani tangu asubuhi mpaka saa tisa, kisha akarudi Kigali, kwa sababu uliagiza asionekane msibani. Hakumzika kaka yake, Mama, kwa ajili ya gunzi.

Wewe sikulaumu. Uliogopa kwa sababu nilikuogopesha, na niliifanya kazi ile vizuri. Wewe ndiye mtazamaji wangu wa kwanza. Ukitaka kunichapa, nitakuja mwenyewe nikuletee fimbo. Ukitaka kunitaja mbele ya kwaya nzima na kwa Mama Winifred, nitasimama hapo hapo uniseme, kwa sababu jina lake lazima lisafishwe pale pale lilipochafuliwa. Shangazi hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza, akasema nikikuambia nitakuvunja. Nimemkatalia kimoyomoyo, kwa sababu nakufahamu kuliko anavyokufahamu yeye. Utalia, utakasirika, kisha utaanza kutafuta ile khanga yako ya safari.

Oswald anayo tikiti yako ya basi. Nimeirudia sehemu ile kwenye kompyuta na kurefusha kimya kama Shangazi alivyosema, na kweli imekuwa bora, huyu mama ana sikio. Viti vyenu viko mstari wa tatu, vimepakana. Ikifika pale mikono yake inaposimama juu ya ungo, utakuwa na sekunde kumi na moja kabla ya mlio wa mwisho. Ukumbi wote utakuwa unatazama ule mlango. Wewe usiutazame, Mama, unajua hakuna kitu nyuma yake. Mgeukie aliyekaa pembeni yako.

Nisalimie wote nyumbani, na mtoto wa Mama Winifred mwambie asome. Shangazi, kama angejua naandika, angekusalimu. Kila jioni huniuliza goti lako linaendeleaje.

Ni mimi mwanao mkosaji, anayekupenda na anayekungoja stendi,

Lillian Gahongayire