Makovu Matano ya Kaka Yako

Wifi yangu mpenzi,

Tangu tumzike kaka yako, cherehani yake nimeifunika shuka. Suruali tatu za wateja bado hazijapigwa pindo.

Nasikia hulali, unajilaumu kwamba ulimshauri apasuliwe kwa roboti badala ya mkono wa daktari. Acha, wifi. Daktari alituambia mapema kwamba njia zote mbili hupitia matundu madogo, na kwa saratani ya utumbo mpana matokeo hayapishani sana. Kaka yako akamtania, "Basi nipe mashine, dokta. Mshono wa mkono naujua mwenyewe, hupinda." Makovu yake matano, madogo kama vifungo vya shati, yalipona vizuri. Lakini ugonjwa ulishafika kwenye ini kabla hajalazwa.

Sasa nikuambie nililowaficha wote. Nguo zake nilikuwa nafua mimi. Damu niliiona mwaka mzima kabla ya daktari. Akaniambia, "Bawasiri tu hiyo, mama watoto, usinitangaze." Nikaisugua kwa sabuni, nikaanika, nikanyamaza.

Wewe ulisema, ukitaka apone. Mlango wangu uko wazi, ila ukija, uje ukilijua hilo.

Ni mimi, wifi yako.