Zuhura na Askari Wapya wa Bariyeri

Mama uliyetangulia mbele ya haki,

Zuhura hajaenda kazini siku sita sasa. Nimemzuia mimi. Askari wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani chini ya mtaa wetu hapa Kanyosha, wamebadilishwa, na hawa wapya hawajui kwamba dada yangu ni kiziwi. Wakimwambia simama, hatasimama. Nimechoka, ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kumaliza habari inayosubiriwa gazetini.

Alipomaliza shule ya viziwi, nilikwambia abaki nyumbani hadi vita viishe. Ulikuwa unachambua maharagwe. "Vikiisha utaniambia," ulisema bila kuinua kichwa. "Sisi tunaenda kwa fundi."

Fundi Hamisi wa Buyenzi alimtazama, akatikisa kichwa. "Mama Idi, huyu hasikii. Wateja atawajibu na nini?"

"Wanakuja kushona ao kupiga hadithi? Mi nitakaa hapa, nitamujibia."

Ukakaa miezi miwili kwenye benchi kando ya cherehani yake. Wateja walikueleza wewe vipimo. Pindo likipinda, fundi alikugombeza wewe, huku Zuhura aliyelishona akitazama vidole vyake. Ulianza hata kukataa kazi kwa niaba yake, ukisema amechoka, bila kumuuliza. Majirani walitania kwamba Hamisi amepata mwanafunzi wa miaka hamsini. Nami nilicheka.

Kisha mama mmoja akaleta satini ya bibi harusi, akauliza kama binti anaweza kushona mikono ya gauni. "Apana, bado," ulijibu. Zuhura aliyasoma maneno hayo midomoni mwako. Akainuka, akakushikisha mkoba wako, akakuonyesha barabara.

"Mama Idi," alisema Hamisi, "leo umefukuzwa kazi."

Nilikukuta nyumbani umekaa, viatu bado miguuni. Hukulalamika. Uliuliza jambo moja tu: "Sasa nani atamupitisha bariyeri?"

Asubuhi yake ulimpeleka mbele ya koplo wa bariyeri. Nilikuwepo, kwa hiyo nayakumbuka maneno yako. "Huyu ni mutoto wangu. Hasikii. Mumuangalie sura muzuri. Akipita musimuite kwa mdomo, mumupungie mukono." Jioni ukarudi kuwaambia wa zamu nyingine. Kutoka hapo akapita peke yake, nawe ukabaki nyumbani. Sikuwahi kukuuliza ulizipitishaje saa hizo.

Sasa zamu ni yangu, na ninafanya kosa lako lilelile: namjibia. Hamisi alipotuma mtu kuulizia gauni jingine la harusi analolishona Zuhura, nilisema anaumwa. Leo Zuhura amegundua. Amechukua daftari langu la kazi, ameandika: "Harusi ni Jumamosi. Anayeogopa ni wewe. Mimi nina kazi."

Nimeandika habari za bariyeri nyingi, najua yanayoweza kutokea pale, na sitayaorodhesha hapa. Lakini najua pia sura yake ya siku hizi sita, ameketi mikono mapajani kama mgeni nyumbani kwake.

Kesho saa moja asubuhi nitampeleka kwa hao askari, aonekane sura. Jioni nitarudi kwa zamu ya pili. Kesho kutwa ataenda mwenyewe, nami nitakaa mezani kwangu nijaribu kuandika.

Pumzika, mama. Hofu niachie mimi; yeye ana mikono ya gauni ya kumalizia.

Mwanao wa kwanza, Idi,
kaka yake Zuhura