Mtahiniwa Niliyemzuia

Columbia Heights, Jumamosi, Februari 2019

Theluji inaanguka tangu alfajiri na haina dalili ya kukoma. Chai imepoa mbele yangu. Sina hamu nayo.

Leo nilimsindikiza mjukuu wangu Anjela hadi Saint Paul, katika ukumbi ambamo ofisa wa chuo kimoja cha kijeshi alikuwa akionana na wanafunzi wanaomaliza sekondari. Chuo chenyewe ni cha miaka miwili. Anayefuzu mafunzo ya uofisa hutoka akiwa luteni-usu, kisha huendelea na shahada yake kwingineko. Anjela amekitamani tangu mwaka jana. Kila asubuhi hukimbia kando ya mto, hata katika baridi hii.

Ndani ya treni alikuwa na furaha. Kwa kawaida mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiingereza, lakini leo alijitahidi.

"Babu, wewe ndiyo ungeenda jeshi. Unakagua kitanda changu kama sajini."

Nilimjibu kwamba sajini asingelivumilia shuka lile. Alicheka mpaka abiria wakageuka.

Ofisa alikuwa mtu mwenye adabu. Alisoma alama zake, akazisifu. Kisha akaomba uthibitisho wa uraia, na Anjela akatoa kadi yake ya ukaazi wa kudumu. Ofisa aliitazama kwa muda, akairudisha kwa upole. Mafunzo ya uofisa, pamoja na ufadhili wake, ni ya raia tu. Bila ufadhili, chuo hicho hatukiwezi.

Sote tulidhani kwamba mama yake alipopata uraia mwezi Novemba, naye aliupata. Ndivyo ilivyo kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane. Anjela aliitimiza Septemba.

Miezi miwili.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Binti yangu Rehema, mama yake Anjela, angeweza kuomba uraia miaka miwili kabla ya hapo. Maswali ya usaili aliyajua yote. Kila jioni aliporudi kutoka Champlin, anakotunza wazee, nilimketisha mezani nikamsaili. Alijibu sawasawa, ila sentensi zake za Kiingereza hazikunyooka. Mimi nilifundisha Morogoro miaka thelathini na mmoja, na shuleni kwetu mwanafunzi ambaye hajaiva hatukumpeleka kwenye mtihani, asije akaishushia shule jina. Nikamwambia Rehema asubiri. Mwaka uliofuata nikamwambia tena. Ni mtu mzima, lakini hajawahi kunibishia.

Alipokwenda hatimaye, mtahini alimwuliza maswali sita, akamwandikisha sentensi moja, akampongeza.

Habari ya umri wa mtoto sikuijua. Hiyo si sababu. Sikuuliza.

Anjela anaweza kuomba mwenyewe, na fomu tutaipeleka. Wanasema jibu huchukua mwaka au zaidi, naye ofisa hakutaka kuahidi nafasi ya mwaka ujao. Jioni Rehema alimletea sare yake moja ya kazini aijaribu, kwa kuwa akimaliza shule atakwenda naye Champlin. Ilimkaa vizuri.

Ni wakati wa chakula ndipo Rehema alipoweka kijiko chini.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyechelewa. Kichwa changu kizito."

Anjela akanitazama mimi. Jioni zile zote alikuwapo mezani hapo, akifanya kazi zake za shule. Anajua. Alinitazama kwa muda ambao ungetosha kwa mtu kukiri, kisha akaomba apewe maharage.

Nami niliyemsahihisha Rehema kila neno tangu utotoni, hilo sikulisahihisha.

Nilimpa maharage.

Kesho ni Jumapili. Barafu itakuwa imeganda mbele ya kanisa, na Rehema atanishika mkono kutoka garini hadi mlangoni, kama afanyavyo kila majira ya baridi. Hatua hizo hazizidi arubaini. Je, nitasema kabla hatujafika, au nitamwacha aendelee kunishika?